Kuonja Si Kula

"Mimi? Mimi mchana sili!"

Shangazi alibwata, na sauti yake, iliyozoea kuwasemesha watu mia tatu kupitia dirisha la kantini huku feni zinavuma na masufuria yanagongana, ikajaa chumba cha daktari mpaka ikatokea koridoni. "Nenda pale kiwandani ukaulize. Uliza walinzi, uliza mafundi, uliza hata meneja mwenyewe. Nani amewahi kuniona mchana nimekaa chini na sahani? Miaka ishirini na mbili, mama, ishirini na mbili!"

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa kuwa binti wa Shangazi. Alimsubiri amalize, kisha akaigeuza karatasi ya vipimo ili na Shangazi aione.

"Nimekusikia, mama. Lakini kilo mia moja na sita hazikudondoka na mvua."

Ebo! Kama kuna neno lililomkata maini Shangazi mwaka ule, basi ni hilo. Mtoto mdogo, amejifunga koti jeupe, amekaa kwenye kiti kinachozunguka, anamtolea maneno ya mvua mtu aliyeanza kupika kabla yeye hajaota meno.

Nikueleze basi alifuata nini pale, maana hakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Yeye hospitali alizijua kwa kupeleka wagonjwa tu. Kazi yake ilikuwa mpishi mkuu katika kantini ya kiwanda cha magodoro, na kila mtu pale, hadi wazee waliomzidi umri, alimwita Shangazi. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wawili: yeye na kitinda mimba, fundi redio, ambaye Shangazi alimbeba mgongoni tangu akiwa wa miezi mitatu kwa sababu mama yao alishinda kazini. Sasa figo za fundi redio zilikuwa zimegoma, zote mbili. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudi nyumbani amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Mkewe alipimwa, damu hazikuoana. Watoto wao walikuwa bado wadogo. Shangazi alipopimwa, zikaoana vizuri mno, na siku ile aliingia jikoni akitangaza kwa mbwembwe kwamba Mungu amempa figo mbili na yeye si mchoyo.

Kwa hiyo alikuja kutajiwa siku ya kupasuliwa. Badala yake akasomewa mashtaka.

"Presha yako ni mia na hamsini na tano kwa mia," daktari aliendelea. "Sukari tumepima mara mbili, mara zote umesema hujala, mara zote imekuja juu. Nikaagiza kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu nyuma. Kisukari chenyewe bado, lakini uko mlangoni."

"Mimi ni mzima. Sijalazwa hata siku moja."

"Kutolazwa siyo kuwa mzima. Nikikutoa figo ukiwa hivi, nitamtibu mdogo wako leo halafu kesho nikutibu wewe. Sikati."

"Figo ni yangu!"

"Na kisu ni changu, mama."

Daktari ndiye aliyeanza kulegeza. Akasema kilo kumi na tatu zitoke, presha ishuke, sukari ishuke, arudi baada ya miezi sita. Akaendelea na mengine marefu kuhusu maisha ya mtu mwenye figo moja, lakini Shangazi alikuwa ameshasimama, anatafuta mkoba wake, ananung'unika kwa nguvu ili asisikie.

"Na mdogo wangu ndiyo akae miezi sita anasubiri mizani yako?"

"Mizani ni yako," daktari alisema. "Mimi naisoma tu."

Shangazi aliubamiza mlango mpaka muuguzi aliyekuwa nje akaangusha faili.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, amefura. Fundi redio alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mezani pamejaa redio zilizopasuliwa matumbo, waya, na harufu ya lehemu. Uso wake ulikuwa umevimba na ngozi imefifia, lakini mikono ilikuwa bado ile ile ya ufundi. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha plastiki kilichozungushiwa utepe mwekundu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha maji: vikombe vitatu kwa siku, mpaka kwenye utepe, na mchuzi nao unahesabiwa.

Shangazi alimwaga yote bila kupumzika. Daktari hana adabu. Daktari ana kiburi. Daktari ana chuki na watu wanene, ndiyo sababu yeye mwenyewe amekonda kama ufito.

"Amekuuliza unakula nini?" fundi redio aliuliza, macho kwenye redio.

"Ameniuliza, nimemwambia ukweli wa Mungu. Asubuhi chai. Jioni sahani moja. Mchana sili."

"Na kuonja?"

"Kuonja kuna nini?"

"Nauliza tu, dada. Kuonja umemwambia?"

"We vipi? Kuonja si kula. Kuonja ni kazi. Mpishi asiyeonja huyo ni mpishi au ni mwashi?"

Fundi redio aliweka bisibisi mezani. Alikuwa mtu wa mizaha. Hata siku alipoambiwa kuhusu figo alisema afadhali si koo, maana angekosa umbea. Safari hii hakuwa na mzaha wowote.

"Unakiona hiki kikombe?" alisema. "Wiki iliyopita kiu ilinishika, nikaenda kwenye friji nikamumunya kipande cha barafu. Halafu kingine, halafu kingine. Nikajiambia haya si maji, ni barafu. Siku ya mashine nikapimwa, nimezidi. Wakaniongezea saa nzima pale kitandani, misuli ikanikaza nikalia mbele za watu, mtu mzima mimi. Mimi nikionja wanaita kunywa. Wewe ukimaliza sufuria unaita kuonja."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi kazi, dada. Nakuomba figo."

Shangazi alinuna. Alichukua mkoba, akapita kwa wifi yake bila hata kumuaga, akatoka. Njia nzima alikuwa anajibishana na mdogo wake kichwani, na kichwani alimshinda kila mara.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi aliingia jikoni na mpango. Alitaka ushahidi. Atawaonyesha wote wawili, yule wa koti jeupe na yule wa kikombe, halafu wamwombe radhi.

Alimwita Kijiko. Huyu alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kichwa kikubwa, na jina hilo alipewa siku yake ya kwanza kazini likagoma kutoka. Shangazi alimkabidhi ndoo ndogo nyeupe ya lita nne, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, imeoshwa ikang'aa.

"Leo kazi yako ni moja. Kila nikionja kitu, wewe chota kiasi kile kile nilichoonja, tia humu ndani. Usizidishe, usipunguze. Jioni tutaona hicho kinachosemwa ni kula."

"Kila kitu, Shangazi?"

"Kila kitu. Au umeziba masikio?"

Wakaanza. Na kwa kuwa hasira zilikuwa zimemjaa, alisahau haraka kwamba anatazamwa, akafanya kazi kama siku zote. Uji wa zamu ya asubuhi: akachota kwa upawa, akamimina kiganjani, akalamba. Sukari haijakolea. Akaongeza, akalamba tena. Akaongeza, akalamba tena, halafu akanywa upawa mzima kuhakikisha haujashika moto chini. Kitunguu kilipoanza kuwa rangi ya dhahabu akaokota kidogo. Mchuzi ulipochemka akaumegea kipande cha mkate, akachovya, kwa sababu mchuzi hauonjwi mtupu, lazima ujulikane utakavyokaa na mkate. Nyama akaitafuna kuona kama imeiva, ikawa bado, baada ya robo saa akatafuna nyingine, na nyingine ya sufuria la pili, kwani masufuria hayafanani. Viazi. Maharage, punje chache za juu, punje chache za chini. Mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi aliyaengua kwa kijiko, na badala ya kuyatupa akayamalizia mdomoni kwa kuwa kutupa ni dhambi. Wali ulipopakuliwa ukabaki ukoko, ule wa rangi ya kahawia unaolia kwenye meno, na ukoko wa Shangazi ulikuwa wa Shangazi, hakuna aliyethubutu kuugusa. Aliula amesimama, mgongo kwenye ukuta, huku anawapigia kelele waosha vyombo.

Alisimama, kwa hiyo hakula.

Ilipofika saa nane, watu mia tatu wameshalishwa na madirisha yameshafungwa, ndipo alipoikumbuka ndoo. Akaifunua. Ilikuwa imepita nusu.

"Wewe!" alifoka. "Hii nini?"

"Ndiyo uliyoniambia, Shangazi."

"Nimekwambia ujaze kiasi nilichoonja, hukuambiwa ulishe kijiji! Unanichimba? Fundi redio amekutuma? Hebu sema, amekutuma?"

Kijiko alikuwa mtu wa kufyata ulimi. Miaka kumi na mmoja alitukanwa huku mvuke unamchoma usoni, akasema ndiyo Shangazi, sawa Shangazi. Siku hiyo alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza.

"Sijazidisha," alisema. "Nimekupunguzia. Ule upawa wa uji sikuutia wote. Nyama umetafuna vipande saba, mimi nimetia vinne. Ukoko nimetia nusu. Nilikuonea aibu."

Waosha vyombo walikodoa macho. Shangazi aliinyanyua ndoo, akaibeba hadi stoo, akafunga mlango kwa ndani. Mle stoo mlikuwa na mizani ya kupimia mchele. Akaipandisha ndoo, akatoa uzito wa ndoo tupu. Kilo mbili na robo. Na hapo ameonewa aibu.

Akaketi juu ya gunia la maharage, akatafuta wa kumkasirikia. Alijaribu daktari, ikawa daktari alisema kweli. Alijaribu mdogo wake, ikawa vivyo hivyo. Alijaribu kiwanda, lakini kiwanda hakikuwahi kumwambia ale ukoko. Kijiko? Maskini Kijiko amempunguzia. Ndipo akakumbuka asubuhi zile mbili za kupimwa damu, alivyopitia kwanza jikoni kuanzisha uji, na alivyomjibu muuguzi akiwa amekodoa macho bila haya, "Sijala tangu jana." Aliapa hivyo huku utamu wa uji bado uko kwenye meno. Na aliamini! Hapo ndipo pabaya. Angekuwa amedanganya makusudi angejua pa kurekebisha.

Alijichukia. Acha nilitumie neno hilo hilo, maana hakuna jingine. Alijichukia kwa siku sita za wiki mara miaka ishirini na mbili, na kwa mdogo wake anayepimiwa maji kwa utepe wakati dada mtu anaengua mafuta kwa kijiko na kuita kazi. Akalia kwa ghadhabu, akapiga gunia ngumi mpaka mkono ukamuuma.

Alipotoka alimpa Kijiko aproni yake, na juu ya aproni akaweka upawa.

"Kuanzia kesho unaonja wewe."

"Mimi, Shangazi?"

"Nani tena, mimi? Na ukitia chumvi hovyo nitakukata hicho kichwa."

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Yalikuwa vurugu. Kijiko mkono wake ulikuwa wa woga. Siku tatu za kwanza chakula kilikuwa chapwa kama maji ya kuoshea, siku ya nne akajipa moyo na maharage yakawa chumvi tupu. Msimamizi wa zamu alirudisha sahani dirishani akauliza kama siku hizi wanapikiwa kwa maji ya bahari. Shangazi alitaka kumrushia mwiko. Ulimi ulimwasha. Alijua dawa ya sufuria lile kwa kulinusa tu, na alikuwa amejiwekea sharti: kijiko cha chai kimoja kwa sufuria, mara moja, mwishoni. Alizungukazunguka jiko kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, akimtukana Kijiko, akiwatukana waosha vyombo, akiyatukana masufuria.

Na mchana akala. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Mtu asiyekula alichukua sahani, akapakua wali kidogo, mboga nyingi, maharage, kipande kimoja cha nyama, akatoka upande wa pili wa dirisha, akaketi kwenye benchi kati ya mafundi wa kushona magodoro. Meza nzima ikamgeukia.

"Shangazi leo mgeni wetu," mmoja alisema.

"Kwani kafa nani?" akauliza mwingine.

"Utakufa wewe usiponyamaza. Sogea."

Alikula sahani yake hadi mwisho, akiwa amekunja uso kama anakunywa dawa. Ilikuwa mara ya kwanza anajua ameshiba saa ngapi. Hilo nalo lilimuudhi.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Dakika arobaini, mwanzo saa nzima, kwa sababu alisimama kila kona kushika kiuno. Viatu vilimchuna, akanunua vingine vya raba vilivyomfanya aonekane kama mwalimu wa michezo, na watu wa mtaani wakamtania kweli, wakamwita kocha. Aliwajibu wote, hakumwacha mtu. Hasira zilimsaidia kutembea. Siku ambazo hakuna aliyemchokoza alichoka mapema.

Mwezi wa kwanza kilo nne. Wa pili mbili. Mwezi wa tatu aliteleza. Palikuwa na ukoko mzuri siku hiyo, mzima, umebanduka kama sahani, na Kijiko alikuwa amekwenda kuhesabu vikombe. Shangazi aliuchukua, akaingia nao stoo, akaula wote ameupa mlango mgongo, haraka haraka, bila hata kuusikia utamu. Kisha akarudia kesho yake, na keshokutwa. Jumamosi mizani ikasema kilo moja na nusu zimerudi.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, angesema ni maji, angesema ni viatu. Alikwenda kwa mdogo wake akamkuta ametoka mashine, amelala kwenye kochi na bandeji mkononi, akamwambia hata kabla ya salamu:

"Nimekula ukoko siku tatu. Stoo. Kwa wizi."

Fundi redio alifumbua jicho moja. "Kuonja au kula?"

"Kula. Nimekula, nimekwambia! Usinichokoze."

"Na mimi jana nimepita utepe," mdogo wake alisema. "Kikombe kizima."

"Mpumbavu wewe."

"Na wewe."

Wifi alichungulia kutoka jikoni akidhani wanagombana, akawakuta wanacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha sana. Tangu siku hiyo wakawa wanaripotiana kila Jumamosi, dada mtu kwa kilo, mdogo mtu kwa vikombe, na aliyekosea alitukanwa bila huruma.

Miezi sita ilipotimia, Shangazi aliingia chumba cha daktari amevaa gauni lililotiwa mikunjo mipya ubavuni. Alipanda mizani mwenyewe kabla ya kuombwa. Kilo tisini na mbili. Presha mia na ishirini na nane kwa themanini na nne. Sukari imetoka mlangoni, imerudi uani. Muuguzi alipomuuliza kama amekula alijibu kwamba jana alikula saa moja kasoro robo jioni, akataja na kilichokuwemo, mpaka muuguzi akamwomba aishie hapo.

Daktari aliisoma karatasi mara mbili. Alitabasamu, na Shangazi akamwona kwa mara ya kwanza kuwa si mtoto mbaya.

"Umefanya kazi kubwa, mama."

"Haya, kata. Nikishapona nina sufuria langu la ukoko, nimeliwekea nadhiri."

Tabasamu likapungua. "Ukibaki na figo moja, hiyo moja inafanya kazi ya mbili maisha yako yote. Hakuna kurudi kwenye sufuria. Nilikwambia siku ile."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia. Ulikuwa unafoka."

Ikabidi Shangazi ameze. Mpaka lini, alitaka kuuliza, na jibu alikuwa nalo. Miezi sita yote aliishi kama mfungwa anayehesabu siku za kutoka, kumbe alikuwa amehamia huko huko. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. "Sawa. Kata."

Daktari alivuta faili jingine, jembamba, akaliweka juu ya lile la kwanza.

"Tumempima mdogo wako moyo jana. Umetanuka. Haya maji yanayojaa kati ya mashine na mashine yameuchosha. Nikimlaza kwa upasuaji huu sasa, naweza nisimwamshe. Tutampandisha mashine mara tatu kwa wiki, tutampa dawa, mwezi ujao tunapima tena. Moyo ukitulia, tutaendelea. Siwezi kukuahidi."

"Na mimi ningekuwa hivi nilivyo leo ile siku ya kwanza, ingekuwaje?"

Angeweza kumdanganya. Watu wengi wangemdanganya.

"Tungekuwa tumeshakata," daktari alisema.

Shangazi hakupiga kelele. Alisimama, akachukua mkoba, akaufunga mlango taratibu. Koridoni akashika ngazi kwenda wodini.

Fundi redio alikuwa amelazwa tangu juzi, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, amekalishwa kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi zinakata. Alimwona dada yake tangu mlangoni, akajua ameshaambiwa.

"Ngapi?" aliuliza.

"Tisini na mbili."

"Umekuwa msichana."

Hakucheka mtu. Shangazi alisogeza kiti, akaketi, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Kitanda cha jirani mgonjwa alikuwa anakoroma.

"Nina hasira na wewe, dada," fundi redio alisema. Alikuwa anapumua kati ya maneno. "Nilidhani sina, kumbe ninazo. Naamka nazo. Nawaangalia watoto, nazipata. Ungeanza mwaka jana. Ungeanza hata nilipougua. Miezi sita yote ulikuwa unakimbizana na ukoko, na mimi moyo unavimba."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," alisema Shangazi. "Sema, nipo. Yaseme yote."

Akayasema. Mengine yalikuwa ya haki, mengine hayakuwa, yapo na ya utotoni. Shangazi, ambaye hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho tangu ajue kusema, alikaa akayapokea yote bila kujitetea. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Mdogo wake alipoishiwa pumzi alimpa kikombe, akakishika mwenyewe hadi alipomeza funda moja, akakirudisha.

"Ila nikifa," fundi redio alisema, "halafu nikasikia huko niliko kwamba umerudi kuwa lile pipa, nitajua nimekufa bure."

"Nani kakwambia unakufa? Ala! Mwezi ujao wanakupima moyo tena. Mimi siku hiyo nitakuja na kilo tisini."

"Na wakikataa tena?"

"Nitakuja mwezi unaofuata," alisema Shangazi, na alisema kwa ugomvi hivi kwamba mgonjwa wa jirani aliacha kukoroma. "Na themanini na tisa."